Mota Mbili za Kufutia Kioo

Karatasi ya masharti ilifika shuleni kwetu Kasongo siku ya Jumatatu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeikunja na kuikunjua mara nyingi hata mikunjo ikaanza kukatika. Mashindano ya roboti yangefanyika Kindu baada ya wiki sita. Kila shule ilipewa kibao kidogo cha umeme, ambacho ndicho akili ya roboti. Vingine vyote tujitafutie wenyewe: mota, magurudumu, batri, mwili. Roboti ibebe kopo lililojaa mchanga, ivuke kipande cha njia chenye mchanga, ipande kilima cha mbao na kulifikisha kopo juu. Isizidi kilo tano. Na sharti la mwisho, lile lililoniondolea raha kabisa: wanafunzi waweze kueleza kwa nini wamechagua kila kifaa.

Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, sehemu ya umeme. Mwalimu wetu wa fizikia alitupa mtihani, na wasichana wawili tukatangulia: mimi na mwenzangu mmoja kutoka Lusangi. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikaa kwa shangazi yake karibu na misheni ili asome. Alikuwa mtu wa utulivu. Angeweza kushika kifaa kimoja kwa saa nzima, akikigeuza na kukitazama, bila kusema neno. Mimi nilikuwa mtoto wa mtaa wa msikitini, baba yangu muuza vitambaa sokoni, na tangu utotoni mama yangu alikuwa akiniuliza kama kiti kinanichoma.

Mota za kwanza tulizitoa kwenye mashini ya kuchapishia iliyokufa, tuliyopewa na mzee mmoja mwenye duka la kupiga fotokopi. Zilikuwa mbili, ndogo, zinazunguka bila kelele. Tukazifunga kwenye kibao cha mbao, tukaweka vifuniko vya ndoo kuwa magurudumu. Juu ya saruji ya darasa roboti ilikwenda vizuri. Tulipoiweka kwenye mchanga, magurudumu yalichimba shimo na kutulia humo.

"Ni nyepesi," mwenzangu akasema. "Tutafute magurudumu yenye kushika."

"Haina nguvu," nikasema. "Tutafute mota ingine."

Tangu hapo sikulala vizuri. Barabarani niliona mota kila mahali. Niliuliza waendesha pikipiki juu ya starta zao, nikauliza muuza redio juu ya redio za kaseti zilizokufa. Hata Ijumaa msikitini, nikiwa kwenye safu ya wanawake, nilikuwa nikipiga hesabu ya meno ya gurudumu kichwani, nikapoteza idadi ya rakaa. Shangazi yangu, aliyekuwa kando yangu, akanigusa kwa kiwiko.

Mwishowe nilikuta nilichotaka kwenye garaji moja karibu na soko: mota ya kufutia kioo, iliyotolewa kwenye pikapu kuukuu. Fundi aliifunga kwenye batri, nami nikajaribu kuizuia kwa mkono. Iliuzungusha mkono wangu pamoja na kiwiko.

"Hii iko na nguvu ya punda," fundi akasema, akicheka. "Lakini iko moja tu, dada. Ya pili usitafute hapa Kasongo."

Niliinunua, lakini mimi nilitaka mbili. Kwa akili yangu ya wakati ule, roboti ilikuwa na upande wa kuume na upande wa kushoto, na kila upande ulistahili mota yake. Tena zifanane, zisipofanana itakwenda upande kama mtu mlevi. Nilimwambia mjomba wangu, mdogo wa mama, ambaye alikuwa akipeleka bidhaa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa pikipiki. Akafikiri kidogo.

"Kule iko mama mmoja mufanyabiashara," akasema. "Kwake kuna gari la namna ile ile, limekaa juu ya mawe miaka. Lakini sijui kama atakubali."

Hilo "sijui" sikulisikia. Baba alikataa mara mbili. "Mutoto wa kike aende kwenye machimbo kutafuta chuma?" Mama akamwambia kwamba nisipokwenda nitawamaliza wote mule nyumbani kwa maswali. Likizo fupi ilikuwa imefika. Nilimwambia mwenzangu nitakuwa njiani siku nne, akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kusugua raba ya kandambili kwa msasa.

Tulitoka alfajiri, mimi katikati ya mjomba na mzigo wa sabuni. Matope, madaraja ya magogo, vizuizi ambako mjomba alishuka na kuongea kwa sauti ya chini. Kila tuliposimama nilitaka tuondoke. Tulifika jua likiwa bado juu kidogo, na mara moja, kabla sijanawa uso, nikamwomba anipeleke kwa yule mama.

Gari lilikuwa uani kwake, pikapu nyeupe isiyo na magurudumu. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Kioo cha mbele kilikuwa na vumbi zito hata ndani hakuonekani. Mama mwenyewe alikuwa akipanga madumu ya mafuta ya mawese, mwanamke mnene wa umri wa mama yangu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Mjomba akamsalimia kwa heshima, akanitambulisha, akaanza kuulizia habari za biashara. Mimi sikuweza kungoja.

"Mama, tulikuja kuomba mota ya kufutia kioo. Ile ya gari lako. Ni kwa ajili ya roboti ya shule, mama, na gari lenyewe halitembei."

Akaacha madumu. Alinitazama, kisha akamtazama mjomba.

"Gari hili lilikuwa la baba ya watoto," akasema. "Tangu afe, hakuna mutu alifungua hata skurubu moja. Walikuja wengi kuomba. Wote niliwafukuza."

Nikafungua mdomo tena. Nilikuwa nimeandaa maelezo yote, nguvu ya mota, uzito, mlima wa mbao. Mjomba akanifinya mkono, kwa nguvu, nikanyamaza. Tukaomba samahani, tukaondoka. Njiani hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Ulimuona mutu anafanya kazi yake, weye ukaenda moja kwa moja kwenye marehemu wake."

Asubuhi yake nilirudi peke yangu. Sikurudi kuomba mota. Nilirudi kuomba msamaha, kwa sababu sikuwa nimepata usingizi na sikujua pa kuweka mikono yangu. Nilimkuta anafagia. Nilimwambia nilikosa adabu. Akamaliza kufagia hadi kwenye ukuta, kisha akaniuliza:

"Hiyo mashini yenu itafanya nini?"

"Itabeba kopo la mchanga, mama. Italipandisha mlima mdogo."

Akacheka hata akashika fagio kwa mikono miwili. "Mchanga? Mutoto, hapa Salamabila watu wote wanabeba mchanga na kuupandisha. Mulitoka Kasongo kufundisha chuma kazi yetu?"

Nami nikacheka, kwanza kwa aibu, halafu kweli. Akaketi kwenye kizingiti akaniuliza juu ya shule, ni wasichana wangapi kwenye sehemu ya umeme, kama walimu wanatulea vizuri. Nilimjibu polepole. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika wiki zile nilipomjibu mtu bila kufikiria swali langu mwenyewe.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na sanduku la funguo za fundi. "Muite mujomba wako alete pikipiki," akasema. "Kama imekufa, tuache mambo yake."

Alifungua boneti mwenyewe. Alikuwa akimsaidia mume wake njiani, akaniambia, na mikono yake ilijua skurubu zilipo bila kuzitafuta. Mjomba akatoa batri ya pikipiki, nikashika nyaya mbili. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu ile mikono miwili ya kufutia ikatikisika, ikajibandua kutoka kwenye kioo, ikaanza kwenda na kurudi, ikikwaruza, ikisukuma vumbi la miaka pembeni. Kuku wakaruka nje wakipiga kelele. Kwenye kioo kukafunguka nusu duara mbili safi, na ndani tukaona usukani, na tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo kidogo cha ndani.

Mama akasogea karibu na kioo. Mimi niliyeshika nyaya sikujua niachie au niendelee.

"Tosha sasa," mama akasema.

Nikaachia. Nikamwambia, "Mama, tuiache tu." Nilimaanisha. Ingekuwa amri yangu, tungefunga boneti na kuondoka.

"Hapana. Umenitoa jasho, sasa utabeba," akasema, akaingiza ufunguo kwenye skurubu ya kwanza. Alipoimaliza kazi alifuta mota kwa kipande cha khanga, akanipa mikononi. "Usinirudishie. Gari halitembei tena, hilo najua kuliko weye."

Safari ya kurudi nilikaa na mota tumboni kama mtu aliyebeba mtoto. Tulipofika Kasongo sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja shuleni, nikiwa na matope hadi magotini, nikaingia kwenye chumba cha kazi.

Mwenzangu alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la mchanga. Roboti yetu, kwa mota zile zile ndogo za mashini ya kuchapishia, ilikuwa inavuka. Alikuwa amekata raba za kandambili, akazichonga meno marefu, akazizungushia kwenye vifuniko. Ilikwenda polepole lakini ilikwenda. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, ameweka mikono kiunoni, anatabasamu.

"Kwa nini hukuningoja?" nikauliza. 

Akageuka. "Weye unangojwa namna gani? Hata ukiwa hapa haupo."

Nikaiweka mota yangu mezani kwa kishindo. Mwalimu aliondoa tabasamu. "Mutachagua wenyewe," akasema. "Miye sichagui. Pimeni, mulinganishe, halafu munieleze." Akatoka nje.

Tukapima. Roboti yake ilivuka mchanga ikiwa tupu. Tulipoweka kopo lililojaa, ilifika katikati ya mlima ikarudi nyuma. Kesho yake tukafunga mota mbili za kufutia kioo pamoja na batri ya pikipiki. Hiyo ilipanda kama hakuna mlima. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Tukaipeleka sokoni kwenye mizani ya muuza mchele, naye akasoma mara mbili ili nisikie: kilo sita na kitu.

Siku tatu nilipunguza uzito. Nilitoboa mbao matundu, nikaondoa vyuma, nikabadilisha mwili wote kuwa mianzi. Haikushuka chini ya tano. Nilikuwa nikizunguka chumba, nikifungua na kufunga, nikilaumu mizani. Mwenzangu alikuwa amekaa na ile mota ya garaji mkononi, akiigeuza.

"Lakini kwa nini mbili?" akauliza.

"Ya kuume na ya kushoto."

"Kanyagio za baiskeli zinazungusha magurudumu mangapi?"

Nikasimama. Akaendelea polepole, kama anayesoma kwa mbali: mota moja yenye nguvu isukume ekseli ya nyuma, magurudumu yote mawili pamoja, mbele gurudumu moja tu, na mota ndogo ya mashini ya kuchapishia iligeuze, kama usukani. Mota moja. Moja tu. Nilielewa mara moja, na nilichoelewa kwanza ni kwamba ile ya garaji ingetosha. Salamabila nilikwenda bure. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha shule, nikalia kwa hasira, nikikumbuka kile kioo kikifutwa.

Niliporudi alikuwa ameshafunga ile ya garaji. Bila kopo ilikwenda. Kwa kopo ilianza kulia tak, tak, tak, na gurudumu likasimama wakati mota inazunguka. Tukaifungua: meno ya ndani yalikuwa yamelika. Mwenzangu akanyoosha mkono wake kwangu bila kunitazama, nikampa ile ya yule mama. Ilizunguka bila sauti. Tukaipeleka tena sokoni. Mizani ikasimama chini kidogo ya tano. Muuza mchele akatupigia makofi.

Kindu tulikwenda na mwalimu, roboti imefungwa kwenye godoro la sponji. Siku ya mashindano jaji mmoja, mama mhandisi mwenye miwani, alituuliza kwa nini mota moja kubwa na moja ndogo, wakati wengine wameweka nne ndogo. Nilikuwa nimekariri jibu zuri. Nikajisikia nikisema, "Miye nilichagua vibaya kwanza. Mwenzangu akarekebisha. Yeye aeleze." Akaeleza, kwa maneno machache, na jaji akaandika kwa muda mrefu.

Tulikuwa na mizunguko miwili. Ule wa kwanza, roboti ilivuka mchanga, ikafika mlimani, ikageuka kushoto na kuanguka pembeni pamoja na kopo. Watu wakasema "ooh". Ule wa pili ilipanda polepole, kwa uchovu, ikafika juu na kusimama, kopo likiwa halijamwaga hata kiganja cha mchanga. Tukawa wa nne kati ya shule tisa. Mwalimu alitushika mikono kama tumeshinda yote.

Njiani kurudi, tukiwa tumekaa juu ya magunia ndani ya lori, mwenzangu akaniuliza kwa sauti ya kawaida:

"Asubuhi, kabla ya mzunguko wa kwanza, uligusa skurubu ya usukani?"

Lori lilipita shimo, tukarushwa, tukakaa tena.

"Niligusa. Niliona kama imelegea."

"Haikulegea."

"Najua sasa."

Nikadhani ndio mwisho wa urafiki wetu. Halafu akasema, "Niliirudisha kabla ya mzunguko wa pili, ulipokwenda kunywa maji."

"Kwa nini hukusema mbele ya mwalimu?"

 Akafungua mfuko wake, akatoa ndizi mbili za kuchoma zilizofungwa kwenye jani, akanipa moja. Tulikula tukitazama vumbi la nyuma ya lori. Mguu wangu ulikuwa unatikisika peke yake kama kawaida, naye akaweka kiganja chake juu ya goti langu, akakiacha pale mpaka tukafika mtoni.