Chai ya Eda

Tarehe nne ya mwezi wa tisa, mwaka 1994, mume wangu alifariki, na nyumbani kwetu hakukubaki mtu anayejua kupika chai.

Najua si jambo la kwanza ambalo mtu hulitaja juu ya marehemu. Lakini mimi pengo lake nililiona hapo. Siku ya kuanua matanga, wageni walipoondoka na jamvi likakunjwa, nilishika birika nikabaki nalo mkononi. Katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kupika chai hata mara moja.

Ujana wake mume wangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya wakata mikoko, huko visiwani. Aliporudi nyumbani Mbwera na kuoa, aliniachia wali, samaki, kisamvu na kila kitu. Birika hakuniachia. Kila alfajiri akitoka kuswali alikaa mwenyewe kwenye jiko, akapika chai ya rangi, akampelekea mama yake kikombe cha kwanza, cha pili akanipa mimi. Wanawake wa kisimani walinicheka. "Mwenzetu kaolewa au kaajiri?" Niliwajibu kwamba kama wao wana wivu waseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona raha.

Alipougua tulimleta Kibiti kuwa karibu na hospitali, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyokuwa ameijenga kando ya barabara kwa ajili ya biashara ya kamba wakavu. Mama yake alikuja nasi kumuuguza. Siku tisa tu. Siku zile hakuna aliyeikumbuka chai, tuliishi kwa uji. Akafia pale, akazikwa pale, na mimi eda yangu nikaikaa pale, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ambayo hata mlango wake sikuwa nimeuzoea.

Mama mkwe alikataa kurudi Mbwera. Alisema hawezi kumwacha mwanawe peke yake katika mji wa watu. Alikaa kwenye mkeka ukumbini, mgongo ukutani. Ukili wa mkeka aliokuja nao akiusuka, ambao mkono wake haukuwahi kuuacha tangu nimjue, aliusukuma chini ya kitanda. Akawa hali chakula. Vijiko viwili vya uji, basi. Vikuku vyake vilianza kuteleza hadi kwenye kiwiko akiinua mkono.

"Mama, utakufa," nikamwambia siku moja. Sikujua namna nyingine ya kulisema.

"Niletee chai ya mwanangu, nitakula."

Ndipo nilipoanza kupika chai.

Miaka hiyo ya soko huria maduka ya Kibiti yalikuwa yamejaa. Sisi tuliokuwa tumepanga foleni kwenye duka la ushirika kwa robo ya sukari, sasa tulikuwa na chai za maboksi mekundu, maboksi ya kijani, hata chai za vifuko zenye uzi wa kuning'iniza nje ya kikombe. Mimi sikuweza kutoka kwenda kuchagua, nipo edani. Aliyenisaidia ni jirani wa nyumba ya pili, mwanamke wa nyanda za juu aliyeolewa na dereva wa lori. Alikuwa akinunua, ananipitishia dirishani.

Nilijaribu ya boksi jekundu. Mama mkwe alionja, akaweka kikombe chini. "Imepooza." Nikajaribu ya kijani. "Imepooza." Ya vifuko aliinyanyua kwa uzi wake, akaitazama inavyodondosha matone. "Hii nayo imefanya nini hata ikatundikwa?"

Nilicheka, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Jirani alipoona nahangaika, alikuja akaketi nami jikoni. "Shoga, wewe unanunua vumbi," aliniambia. "Hili ndilo linalofagiwa chini baada ya majani kuondoka." Akachukua glasi ya maji baridi, akanyunyiza chembe za ile ya boksi jekundu. Maji yakageuka mekundu papo hapo, kama mtu amemwaga wino. "Umeona? Majani ya kweli hayana haraka hivyo. Hii imetiwa rangi."

Wiki mbili baadaye mumewe aliporudi safari, alileta mfuko wa kitambaa kutoka kwa wazazi wake, wenye shamba dogo la chai. Jirani alinimiminia nusu yake kwenye kopo. Yalikuwa majani marefu, meusi, yamejikunja kama uzi, na humo ndani vipande vichache vya rangi ya dhahabu.

"Haya hayajapigwa dawa hata siku moja," alisema kwa majivuno. "Kwetu ni samadi, na majani tunayaacha yaozee chini ya michai. Wadudu wakila, wanakula sehemu yao."

Alinifundisha kuyajua. Ukiyabana kwa vidole yavunjike kwa sauti, yakipinda ujue yameingiwa na unyevu. Ukiyapulizia pumzi ya moto mkononi halafu ukanusa, yasitoe harufu ya ghala wala ya moshi. Na yasichemshwe. Maji yachemke peke yake, yaepuliwe, ndipo majani yatiwe na kufunikwa, kijiko kimoja kwa kila kikombe. Hapo nilimkumbuka mume wangu. Akishafunika birika alikuwa anakaa kimya midomo ikicheza, na siku zote nilidhani anahesabu. Jirani akasema ahesabu nini, labda alikuwa anasoma. Basi mimi nikasoma Ayatul Kursi mara tano, nikachuja.

Sijawahi kuona chai ya rangi ile. Nyekundu, inang'aa, unaona mpaka chini ya kikombe. Kama kweli ulimi wangu uliweza kutambua kwamba haina dawa, siwezi kuapa. Ila ilikuwa nzuri, na nilimpelekea mama mkwe nikiwa na hakika.

Alionja. Akaonja tena. Nikaona anajitahidi kwa ajili yangu.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini siyo."

Nilirudi jikoni nikakaa. Siku ile ndiyo niliogopa kweli. Chai bora kuliko hiyo sikuwa na pa kuipata, na yule mama alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu, na ni mama wa mume wangu, na mume wangu aliniachia mimi.

Wifi yangu alifika kutoka Mbwera mwezi wa pili wa eda. Alikuja na boti ya mashine, halafu lori, amebeba kamba wakavu kichwani na dumu la maji mkononi.

"Wifi! Umekonda kama uzi. Mlikuwa mnafunga bila kutuambia?"

"Na wewe dumu la nini? Kibiti hakuna maji?"

"Maji yenu hayanikati kiu. Nakunywa nusu ndoo, koo liko vilevile."

Tukamcheka, hata mama mkwe akatikisa kichwa. Alilala usiku mmoja. Kesho yake asubuhi bomba la jirani lilikuwa halitoi, ndoo zangu zilikuwa kavu, na wifi alitaka kuwahi lori. Nikamimina birikani maji yaliyobaki kwenye dumu lake, nikapika kwa majani yaleyale ya kopo. Chai ilitoka nyeusi, haing'ai, juu ina utando mwembamba. Nilijua nimeiharibu. Niliipeleka hivyo hivyo kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Mama mkwe alikunywa kikombe chote. Alikinyoosha kile kikombe kuelekea kwangu, kitupu.

Nilimjazia. Kisha nikarudi jikoni nikaonja iliyobaki kwenye birika, na hapo nikaelewa. Ilikuwa na chumvi. Si nyingi, chumvi ya visima vya Mbwera, ambako bahari inaingia chini kwa chini. Mimi kwetu ni Mkongo, juu bondeni, kwenye maji matamu. Nilipoolewa nililalamika mwezi mzima kwamba maji ya ukweni yana chumvi, wakanicheka, mwishowe ulimi ukazoea nikasahau. Nilisahau kabisa. Mwezi na zaidi nilikuwa nikisumbuka na majani.

Wifi aliondoka. Maji ya dumu yalitosha kikombe kimoja kingine cha mama, basi. Kesho yake nilichota maji ya bomba nikatia chumvi. Birika la kwanza nililimwaga, lilikuwa mchuzi. La pili nilitia chembe chache tu, za kushika kwa ncha za vidole viwili. Mama mkwe akanywa. Siku ile alikula na kipande cha muhogo. Ya pili yake akala viwili.

Siku tatu nilikaa kimya. Alikuwa anakula, sikutaka kugusa kitu. Lakini kila akimaliza kikombe alisema, "Mkono wa mwanangu umekuingia," na mimi nilikuwa nikiinamisha kichwa. Si mkono. Ni chumvi ya kopo. Niliogopa kwamba nikimwambia atakiweka kikombe chini tena, na safari hii hatakishika. Niliogopa pia kuwa naondoa sifa ya marehemu ambaye hawezi kujitetea. Lakini nilikuwa edani kwake, nakaa kwa ajili yake, na kumdanganya mama yake asubuhi na jioni sikuweza.

Siku ya nne nilikaa kwenye mkeka kando yake.

"Mama, kuna kitu natia kwenye chai."

"Kitu gani?"

"Chumvi."

Akanitazama.

"Maji ya Mbwera yana chumvi, mama. Ndiyo tofauti. Ile chai wifi alipokuja niliipika kwa maji ya dumu lake. Tangu hapo natia chumvi mwenyewe."

Alikiinua kikombe, akachungulia ndani.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "miaka yote nilikuwa namsifu mwanangu kwa kazi ya kisima."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini kisimwagike, na mimi nikacheka naye, machozi yakinitoka, na sikuona haya.

"Na alivyokuwa anajisikia!" alisema akijifuta kwa upande wa kanga. "Anasimama pale na birika kama anamwagia sultani!"

"Alikuwa anapika vizuri, mama. Majani alikuwa akiyachagua."

"Alikuwa anapika vizuri," akakubali.

Akakishika kikombe, akamaliza kilichobaki. Akanirudishia. Kisha akaniambia niinamie chini ya kitanda nimtolee ukili wake.

Nilimtolea. Aliupitisha vidoleni, akanionyesha miyaa ya kusukia ilivyokauka, inakatika ukiikunja.

"Iloweke," akasema. "Na usitie chumvi."

Nikachukua karai, nikatia maji, nikailoweka.