Sukari Guru Mfukoni mwa Aproni

Nyuma ya nyumba ya mama mdogo hakusikiki tena sauti ya tupa. Tulikuwa tumeizoea mpaka tukaacha kuisikia: kwaruza, kimya kidogo, kwaruza, kisha sauti ya mama mdogo mwenyewe akimbembeleza farasi kama mtoto mwenye homa. Sasa uani kimebaki kigogo alichokuwa akikikalia.

Mama mdogo ni fundi viatu. Farasi alikuwa wa kaka yake, mjomba wetu, anayesomba matofali kwa mkokoteni. Farasi huyo tulimwita Mheshimiwa, maana alipenda kusubiriwa. Alipovunja mlango wa stoo akala mahindi mpaka akavimba tumbo, kwato za mbele ziliwaka moto, akawa hawezi hata kugeuka. Daktari wa mifugo, dada wa maneno machache, alisema mfupa wa ndani umeachana na ukuta wa ukwato, umeinamia chini. Ukwato mpya ulipaswa kuota kutoka juu, ukiwa umebana vizuri, na ule mbovu kupunguzwa kidogo kidogo. Ale nyasi kavu tu. Chochote kitamu ni marufuku.

Mjomba alisema atasubiri mpaka mvua ziishe. Kama farasi atakuwa bado hatembei, atamwita mtu mwenye bunduki. Aliyasema hayo akitazama pembeni.

"Niachie mimi," akasema mama mdogo. "Vilivyoharibika miguuni ndiyo kazi yangu."

Alimfungia chini ya kwato soli laini alizokata kwenye godoro kuukuu. Akajifunza kwa daktari kushika tupa. Ajabu ni kwamba Mheshimiwa, aliyewahi kumng'ata kila mtu, alitulia kwake kama maji mtungini. Mjomba akawa anamtania dada yake kuwa safari hii amepata mume mvumilivu kuliko yule wa kwanza.

Lakini kwato hazikupona. Joto lilirudi, likatulia, likarudi tena, na kila liliporudi liliacha mkunjo juu ya ukwato mpya. Daktari aliuliza anakula nini. Nyasi kavu, tulijibu sote, na tuliamini hivyo. Mjomba aliwashuku majirani, akatia kufuli getini.

Asubuhi moja daktari alikuja kukagua. Mama mdogo aliinama kuokota tupa, na farasi akazamisha mdomo kwenye mfuko wa aproni yake, bila kusitasita, kama mtu anayeingia kwake. Akautoa akijilamba. Daktari akatia mkono mlemle. Ukatoka na vipande vya sukari guru.

"Mama, unampa hii?"

"Kidogo tu, mwanangu, ili atulie. Nikimwinua mguu anatetemeka."

"Hii ndiyo inayomuumiza."

Tupa ilimtoka mama mdogo mkononi, naye hakuiona ikianguka. Alitutazama mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wetu angecheka na kusema ni mzaha. Sijawahi kuona mtu akipigwa vile bila kuguswa.

"Kila siku?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kila siku nilikuwa namuumiza?"

Daktari akainamisha kichwa.

Jioni hiyo mama mdogo aliufumua mfuko wa aproni kwa kisu chake cha kazi. Kesho yake farasi aliutafuta, akaukosa, akampiga mama mdogo kifuani kwa kichwa. Mjomba akamshika farasi, mama mdogo akaendelea kukwaruza huku machozi yakimtiririka, bila kumbembeleza tena. Tangu siku hiyo ukwato ulishuka laini, pasipo mkunjo mwingine. Mvua zilipoisha, Mheshimiwa alivuka uani juu ya changarawe, miguu mitupu, akisimama tu pale alipotaka kusubiriwa.

Sisi tulishangilia. Mama mdogo aliutazama mkono wake wa kulia, akamkabidhi mjomba tupa, akasema amfundishe mtu mwingine. Hajamgusa farasi tena.

Mheshimiwa yuko kwa mjomba. Mama mdogo yuko kibandani kwake, mkabala na kituo cha mabasi, anashona viatu.