Shikamoo Arobaini na Nane

Nina hasira za karibu, na sioni haja ya kuficha. Chaki ikinikatikia mkononi naigombeza. Kwa hiyo msomaji akifika mahali nilipokosea asishangae, ashangae tu kwamba nilichelewa kukosea.

Shule yetu, upande wa Matogoro, ilipata vishikwambi vinane kutoka kwa mfadhili. Mwalimu Mkuu, mama wa makamo anayependa sana vitu vipya, alivipokea kwa mikono miwili, akavipangusa, akavipanga kwenye kabati la ofisini kwake, kisha akakifunika kila kimoja kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, cha rangi ya chungwa chenye maua ya kijani. Halafu akafunga kabati na kutia ufunguo kifuani. Ndani ya kabati hilo tayari kulikuwa na tufe la dunia ambalo halijawahi kuvuliwa nailoni, na vikombe vya wageni ambao hawajawahi kuja. Kitu kikiingia mle kimestaafu.

"Mkuu, vile ni vya watoto," nilimwambia.

"Ni vya watoto, ndiyo. Ndiyo maana navitunza, watoto wasije wakaviharibu."

Tulivutana karibu muhula mzima. Mwishowe alichoka na sauti yangu, akanipa mwezi mmoja na darasa la sita, kwa sharti moja. Mkaguzi alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Akikuta watoto wanasoma, vishikwambi vinabaki darasani. Akikuta vurugu, vinarudi kabatini, na nisimsumbue tena.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Na niseme ukweli, sikuvitaka kwa ajili ya darasa zima. Nilivitaka kwa ajili ya binti mmoja wa dawati la mwisho. Alihamia kwetu kutoka Maposeni kuja kukaa na shangazi yake, na tangu afike sikuwahi kusikia kutoka kwake neno lolote zaidi ya "nipo" wakati wa kuita majina. Nilimwuliza maswali kwa upole, nikamwuliza kwa ukali, nikamwuliza huku natazama dirishani kama vile simwulizi yeye. Kimya. Nikawaza kwamba mtu anayeogopa kusema huenda akaandika.

Siku ya kwanza nilipanga madawati yaangaliane, watoto arobaini na wanane, makundi manane, kila kundi kishikwambi chake. Somo lilikuwa kilimo cha mahindi. Wote wangeandika kwenye ukurasa mmoja wa pamoja, kundi hili likiona linachoandika kundi lile, na mimi nikiwafuatilia kwenye kishikwambi changu cha kazi. Nikakaa mezani, nikabonyeza. Vioo vyote vinane vikaandika: *Mwalimu ameingia.*

Darasa zima likasimama.

"Shikamoo mwalimuuu!"

Nilikuwa mbele yao kwa nusu saa. Walikwishanisalimia nilipopita mlangoni. Nikawaambia kaeni. Wakakaa. Mtandao ukakatika, ukarudi. *Mwalimu ameingia.* Wakasimama. "Shikamoo mwalimuuu!" Siku hiyo mtandao ulikuwa na kwikwi. Ulikatika mara saba, na mara saba darasa la sita lilisimama na kukaa, mpaka mwalimu wa darasa la tano akachungulia mlangoni kuuliza kama tumehamishia michezo ndani.

"Sikilizeni," nikasema. "Nikiingia kwenye ukurasa, hakuna kusimama na hakuna kupaza sauti. Tumeelewana?"

"Ndiyo mwalimuuu!"

Walielewa vizuri kuliko mimi. Nilipoingia mara ya nane hakuna aliyesimama wala kufungua mdomo. Waliandika. Sasa, salamu ya mdomo inaitikiwa kwa pamoja na mambo yanaisha, lakini ya kuandika huwezi kumwandikia mwenzako. Kila mtoto aliona lazima aandike yake, na jina lake. Vishikwambi vikaanza kupita mkono kwa mkono, kila mmoja akitafuta herufi kwa kidole kimoja huku wenzake wakimwelekeza. Kipindi kizima kiliishia hapo. Kengele ilipolia, ukurasa wangu wa kilimo cha mahindi ulikuwa na shikamoo arobaini na nane na haukuwa na hindi hata moja.

Hasira zikanipanda. Nikachagua zote, nikafuta.

Zilipotea mara moja kwenye vioo vyote vinane. Darasa likanyamaza, nikadhani wamevutiwa na ufundi wangu.

Kuanzia hapo kila nikiingia kwenye ukurasa, kazi inasimama. Hakuna shikamoo, hakuna neno, hakuna hata nukta. Nikitoka, naona vidole vinacheza na vicheko vinapanda. Nikirudi, kimya cha msibani. Wiki mbili nzima. Mkaguzi anakuja, na darasa langu lilikuwa linasoma pale tu nisipokuwepo, jambo ambalo ni gumu kulieleza kwenye ripoti.

Ndipo nikabuni njia ambayo hadi leo naona aibu kuisimulia. Nilibadilisha jina. Badala ya *Mwalimu*, nikaingia kama *Kundi la Tisa*.

Nilijiona mjanja kama nini. Ukurasa ulikuwa umechangamka kama gulio. Kundi la Pili lilikuwa linagombana na la Tano kuhusu wiki ya kupalilia. Kundi la Saba lilikuwa limechora nyani. Mtu akaandika: *Kundi la Tisa, nyie mko wapi?*

*Tupo nyuma,* nikaandika.

Watoto wote wakageuka kutazama nyuma, ambako kuna ukuta na ramani ya mkoa wa Ruvuma. Wakageuka tena mbele.

*Mnafanya nini huko?*

*Tunapalilia.*

Kisha kutoka Kundi la Nane, la dawati la mwisho, yakaanza kuja maneno marefu. Bibi yake wa Maposeni, aliandika, huchagua mahindi mazuri kabla ya kupukuchua, huyafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza jikoni juu ya mafiga, moshi uyapate ili dumuzi wasiyatoboe. Nilisahau kwamba mimi ni kundi. Nikauliza: *Ugali wake haunuki moshi?*

*Hayo ni ya mbegu, siyo ya kula,* akajibu yule binti. *Kwani nyie Kundi la Tisa hamjawahi kulima?*

Nilicheka kwa sauti, nikasingizia kikohozi. Kila siku baada ya hapo tulizungumza, yeye na kundi langu la uongo, na kila siku aliandika zaidi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilianza pia kuogopa, kwa sababu kabati la Mwalimu Mkuu sasa lilikuwa linangoja kumfungia huyo binti pamoja na vishikwambi.

Mkaguzi akafika. Alikuwa mzee wa miwani, karibu kustaafu, mtaratibu, mwenye viatu vinavyong'aa licha ya matope yetu. Mwalimu Mkuu alikaa kando yake, vitambaa vyake vinane vimekunjwa mapajani, tayari kwa kazi. Mimi nikaingia kama Kundi la Tisa ili mambo yasilale. Yalikwenda vizuri ajabu, mpaka mzee akatoa simu yake na kusema na yeye angependa kuuona huo ukurasa.

*Mkaguzi ameingia.*

Vidole arobaini na nane vikaganda. Dakika moja. Dakika mbili. Mzee akatikisa simu, akadhani imekufa. Mwalimu Mkuu akaanza kukunjua kitambaa cha kwanza. Nikawa naandika kama mwehu, *Kundi la Tisa tunaweka mbolea, Kundi la Tisa tunavuna,* na hakuna aliyenijali.

Kisha kutoka Kundi la Nane: *Shikamoo babu.* Na jina la yule binti.

Uso wa mzee ukafunguka. Akashusha miwani, akatafuta herufi kwa kidole kimoja: *Marahaba mwanangu. Hujambo?*

Hapo ndipo zilipomwagika. Arobaini na saba nyingine. Mwalimu Mkuu alitaka kuzizuia, lakini mzee aliinua mkono. Alimwitikia kila mtoto kwa jina lake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaulizwa hujambo. Kengele ya mapumziko ililia akiwa kwenye thelathini na kitu. Hakuna mtoto aliyetoka.

Alipomaliza alinyoosha kidole chake kilichochoka, akatazama kioo, akakunja uso.

"Makundi manane yamenisalimia. Hili la Tisa halina adabu? Limekaa wapi?"

Nilikuwa naanza kuinuka, ndipo mtu akasimama dawati la mwisho.

"Kundi la Tisa ni Madamu," alisema yule binti. Kwa mdomo. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiria.

"Mlikuwa mnajua?" nikaropoka.

"Toka siku ya kwanza. Kila Kundi la Tisa likiandika, tunamwona Madamu anaandika, ametoa ulimi."

Darasa likavunjika mbavu. Mkaguzi hakucheka.

"Na huyu mwalimu wenu, mbona akiingia kwa jina lake hamumsalimii?"

"Tulimsalimia," alisema. "Wote. Akafuta. Hakuitikia hata mmoja."

Mzee akavua miwani kabisa, akanitazama jinsi baba yangu alivyokuwa akinitazama. "Ulifuta shikamoo za watoto?"

Wiki zote hizo nilidhani wananiogopa, kumbe nilikuwa nimewaumiza. Macho yaliniwasha, nikajifanya natafuta chaki.

Alipokuwa akitoka alimwambia Mwalimu Mkuu vishikwambi vibaki palepale. Mkuu alikubali, ila vitambaa vibaki pia, kwa ajili ya vumbi. Mpaka leo darasa la sita hufunua maua ya kijani kabla ya kufungua somo.

Kesho yake asubuhi nilikaa mezani, nikarudisha jina langu na kubonyeza. *Mwalimu ameingia.* Ukurasa ukabaki mweupe, na mimi nikangoja. Sijawahi kungoja kitu kwa hofu kiasi kile. Kisha kutoka Kundi la Nane ikaja moja, peke yake.

*Marahaba mwanangu,* nikaandika. *Hujambo?*

Zikafuata nyingine. Niliitikia zote arobaini na nane, kwa majina, hadi kidole kikaniuma, na kipindi chote kikaishia hapo. Mahindi tulipanda siku iliyofuata.