Chakula cha Pole kwa Dada Verlene

Jumapili ile Mchungaji Tolliver alipomaliza kuwaombea wagonjwa hakukaa chini. Alifuta jasho, akasema, "Na dada yetu Verlene Mabry mwezi huu anakwenda Washington, kwa mambo ya ugonjwa ule. Watamheshimu huko. Nasi tumpe maua yake angali anaweza kuyanusa."

Kanisa zima likaitikia amina, macho chini.

Mimi Lonzo ni mdogo wake Verlene, tunaishi nyumba moja, na habari hiyo niliisikia siku hiyo pamoja na wengine. Nikamwangalia. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kwa sababu katikati ya wiki alinyoa nywele zote. Aliniambia ni joto. Joto la Agosti hapa Alabama linaweza kumfanya mtu lolote, sikubishana naye. Sasa nikaanza kujiuliza.

Kesho yake chakula kikaanza kuja.

Kwetu saratani haitajwi kwa sauti. Unashusha macho, unaingia jikoni, unapika. Wa kwanza alikuwa Mama Ozella Pruitt, mkubwa wa akina mama kanisani, na pai ya viazi vitamu ndani ya bakuli lake la bluu, jina lake limebandikwa chini kwa utepe. Baada yake walikuja kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, maharage, na keki mbili. Friji ilipojaa nikaanza kupanga juu ya mashine ya kufulia.

"Yuko wapi mwenyewe?" Mama Ozella aliniuliza.

"Kazini, Mama."

"Kazini! Bwana wee. Mtoto huyu hata jeneza atalipeleka kazini."

Nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Mama yetu alikufa Verlene akiwa na miaka kumi na tano. Tuliambiwa amechoka. Alichoka mwaka mzima, akafa, na hakuna aliyetuambia amechoka na nini. Miaka michache baadaye mimi niliacha shule nikaingia kiwanda cha kuku pamoja na baba. Verlene akaendelea kusoma, kama mtu anayetafuta jibu alilonyimwa. Leo anafundisha chuo kikuu na kuchunguza saratani. Anachokiona ndani ya hadubini mimi sikijui. Ninachokijua ni vijana wake. Huwatafuta kwenye vishule ambavyo wenzake hawavijui, watoto weusi kama sisi, wengine Wahindi Wekundu, wengine wa kutoka mpakani na Meksiko, akawapa nafasi maabara, akawagombeza, na Jumapili akawaleta nyumbani niwakaangie samaki. Ketura Hollins alitoroka maabara mara mbili akauze viatu dukani. Mara zote mbili Verlene alimfuata dukani na kumrudisha, mbele ya wateja. Sasa Ketura ni daktari na mtafiti.

Basi katikati ya wiki hiyo nikamkuta Ketura barazani kwetu na wenzake wawili. Analia.

"Asijue," mmoja alikuwa akisema. "Tukimwambia sasa tutaharibu."

"Asijue nini?" nikauliza.

"Hamna kitu, Anko Lonzo," Ketura akajibu, akifuta macho.

Nikaingia ndani, nikasimama katikati ya sebule bila kukumbuka nilikuwa nakwenda wapi. Tangu hapo nikawa namfuata Verlene na glasi ya maji.

"Lonzo, mbona uko nyuma yangu kama kifaranga?"

"Nilidhani una kiu."

Nilitaka kumuuliza. Kila nikifungua mdomo nilimwona mama akiwa kitandani, nikaufunga.

Mama Ozella akarudi. Safari hii hakuleta chakula. "Niulizie," aliniambia, anatazama barabarani. "Hicho kitu kilianza upande gani? Kinauma, au ni kigumu tu? Na kabla hajamwambia mtu, alikuwa analala vipi usiku?"

"Sijui, Mama."

"Muulize basi."

Jumamosi Verlene akafungua friji. "Lonzo! Kuku wote hawa wa nani? Unaoa?"

"Ni chakula chako cha pole."

"Pole ya nini?"

Nikaegemea ukuta. "Verlene, usinifanyie kama alivyofanya mama. Kama ni ule ugonjwa, niambie."

Alinikodolea macho. Halafu akaangua kicheko hadi akashika meza. "Wananipa tuzo, wee mtu! Tuzo! Kwa kuwalea vijana wetu wawe watafiti wa saratani. Mchungaji hakusema?"

"Alisema baada ya wagonjwa."

"Mungu wangu."

"Na nywele?"

"Joto! Si nilikuambia?"

"Na Ketura alikuwa analia nini?"

"Ketura alilia? Lini?"

Hapo nikajua kwamba vijana walikuwa na siri yao ya kumfurahisha, nami nimeivuruga. Sikujali. Nilikaa chini sakafuni, nacheka na kulia.

Verlene akaanza kula ile pai. "Haya, nani mwingine kanizika?"

Nikamweleza maswali ya Mama Ozella. Akaacha kutafuna. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akaweka kijiko chini.

"Lonzo, mtu haulizi hivyo kwa ajili ya mwenzake."

Tulimkuta Mama Ozella barazani kwake. "Mimi mzima," akasema kabla hatujakaa. "Mgonjwa ni wewe."

"Mimi si mgonjwa, Mama."

"Basi nirudishie pai yangu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshika blauzi upande wa kushoto. Hospitali hakutaka kuisikia. "Kule hawanijui. Wananigeuza kama kuku wa kiwandani."

Verlene akampigia simu Ketura, akaja. Mama Ozella akamkagua kuanzia viatu. "Wewe wa watu gani?"

"Wa Hollins, wa kule darajani."

"Mjukuu wa Cleophus aliyeiba nyumbu?"

"Alimwazima, bibi."

"Kwa miaka sita?" Mama Ozella akacheka, na katika kucheka huko akakubali.

Nafasi ya kupimwa iliyopatikana ikaangukia siku ileile ya sherehe ya tuzo. "Nitakwenda naye mimi," Ketura akasema.

"Wewe ndiye wa kusema kwa niaba ya wenzako," Verlene akamwambia.

"Mwalimu, ulinifuata dukani ili nije kukupigia makofi?"

Verlene akampa funguo za gari lake.

Huko Washington nilivaa koti la Mchungaji. Hotuba ziliniacha njiani. Waliposema wote aliowalea wasimame, upande mzima wa ukumbi ukasimama, nikaelewa ile siri ya barazani, na Verlene akawa anatazama kiti kitupu cha Ketura kando yangu. Nilipiga makofi. Sikujua kama nafurahi au naogopa, na mikono haikuniuliza.

Mama Ozella anao ule ugonjwa. Wanasema wameukuta ungali mdogo, wanasema tusubiri. Sielewi kusubiri huko kuna tofauti gani na kule kwa mama yetu, ila safari hii jina la ugonjwa linatajwa kwa sauti, hata kanisani.

Bakuli la mtu halirudishwi tupu. Nilitia pai ya pichi ndani ya lile la bluu, nikambishia hodi.

Akafungua, kitambaa kichwani. "Umeweka sukari ya kutosha?"

"Sijui, Mama."

"Wewe hujui kitu chochote," akasema, akalipokea.