Fundi Msasa na Mlango wa Mama Yake

Mtaa mzima ulimwita Msasa, na jina lilimkaa. Mlango uliochomwa na jua na kulowa mvua, yeye anaukwangua hadi mbao ibaki tupu, anausugua, kisha anaupaka vanishi mikono mitatu mpaka ung'ae. Milango yote ya safu ile ya nyumba alikokaa mama yake ilipita mikononi mwake. Wa mama je? Thubutu! "Kesho, mama." Kesho hiyo ilidumu miaka kumi na mmoja. Mlango ukapasuka nyufa za kuingia kidole, vanishi ikabanduka kama magamba ya samaki.

Dada yake hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Fundi wa watu, huna hata haya? Mama yako anakaa nyuma ya mlango wa banda la kuku!" Tena akaongeza kwamba macho ya mama yamekwisha, atamchukua akaishi kwake.

Mama akawaka. "Sihami! Dukani nakwenda mwenyewe na narudi mwenyewe. Siku nikipotea, hapo nichukueni, sitatia neno."

Dada alipompeleka mama kwa daktari wa macho, wakakaa huko siku nne, Msasa akajifunga kibwebwe. Alisugua kwa hasira na aibu, hakubakiza ufa wala kovu. Zile nyufa alizijaza zote. Jamani, mlango ukatoka kama wa jana!

Mama alirudi jioni ameshikwa mkono, akapitishwa bila kuugusa mlango uliokuwa wazi unakauka. "Nimekutengenezea mlango, mama."

"Hatimaye! Mungu akubariki, mwanangu." Msasa akavimba kichwa, akaenda zake kulala.

Asubuhi mama akatoka kwenda dukani. Akarudi akipapasa milango mmoja mmoja, kama alivyozoea. Wa kwanza laini. Wa pili laini. Wa tatu, wa nne, yote laini. Wake aliujua kwa nyufa zile, ndio pekee uliokuwa na mikwaruzo katika safu nzima. Akaupita. Akazidi kwenda.

Muuza maji alimkuta saa sita mchana kando ya barabara kuu, kiatu kimoja mguuni.

Msasa alikuja mbio na patasi. Akachonga alama ubavuni mwa mlango, akaichukua mikono ya mama akaiweka pale. "Hapa, mama. Ukigusa hapa ndipo kwako. Ona!"

Mama akaiondoa mikono yake pale. Alikuwa ameshatoa neno lake, na hakuwa mwanamke wa kurudi nyuma. Dada alikuwa ndani anakunja nguo za mama. Safari hii hata kumsema kaka yake hakumsema, na hilo lilimuuma Msasa kuliko matusi yote.

Walipokuwa wanatoka, mama alisimama akapitisha kiganja juu ya ile mbao, polepole, kutoka juu hadi chini.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini ungeuacha tu, baba. Si uliuacha miaka yote?"