Usimwulize Kama Anaumwa

Siku moja ya kiangazi kule Olbalbal, kwenye maboma ya wafugaji, haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa wiki ijayo unaingia vijijini kuanza utafiti wako wa uvimbe wa ubongo kwa watoto, nataka uibebe pamoja na vifaa vyako. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nikazeeka. Vitabu unavyo, tena vingi kuliko nilivyokuwa navyo mimi, ila hili sikulikuta humo.

Nilikuwa daktari kijana, Mmbulu mzaliwa wa Karatu, mwenye haraka. Nilitaka kujua kwa nini watoto wa wafugaji hufikishwa hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa. Wahenga walisema kawia ufike, lakini uvimbe wa kichwani haujapata kuisikia methali hiyo. Basi nikapita boma kwa boma nikiuliza: mtoto anaumwa kichwa? Hapana. Analalamika lolote? Hapana. Nikaanza kudhani watoto wa huko wana afya kuliko wetu.

Siku hiyo nilifika kwa bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake, Naserian, binti mdogo wa kuchunga mbuzi. Nikamwuliza binti kama anaumwa kichwa. Akatazama chini, akasema hapana. Nikasimama niende zangu.

Bibi akanizuia. Kiswahili chake alikiokota mnadani Karatu, na hakukipamba.

"Daktari, wewe si Mmbulu?"

"Ndiyo, koko," nikajibu, nikimwita bibi kwa lugha yao.

"Kwenu mtoto akichomwa mwiba analia mpaka jirani anakuja. Kwetu mtoto wa kuchunga anafundishwa kunyamaza. Ukimwuliza kama anaumwa, unamwuliza kama yeye ni mwoga. Atasema hapana mpaka afe. Sasa kaa chini, uliza habari za mifugo kama watu wengine."

Nikakaa, uso umenishuka. Nikauliza habari za mbuzi, na hapo maneno yakafunguka. Mbuzi wanarudi mapema, kwa sababu Naserian siku hizi anayumba akitembea, hafiki mbali. Maziwa ya asubuhi anayatapika, kisha mchana yuko sawa. Halafu bibi akacheka.

"Huyu atakuwa tajiri. Akihesabu mbuzi jioni, anapata wengi kuliko waliopo. Mbuzi mmoja, yeye anaona wawili."

Wote pale wakacheka. Mimi sikucheka. Wewe umesoma, mwanangu. Unajua kinachoweza kuwa kichwani mwa mtoto anayeyumba, anayetapika asubuhi na kuona kimoja kama viwili.

Nikamweleza bibi bila kumficha. Baba wa mtoto alikuwa mbali, upande wa Malambo, akitafuta majani ya ng'ombe, na bila neno lake mtoto hatoki bomani. Bibi akasema, "Baba yake nimemzaa mimi. Mchukue."

Naserian alipasuliwa kichwa, akapona. Mguu mmoja anauburuta mpaka leo, lakini ana watoto wake mwenyewe. Ningefurahi hadithi ingeishia hapo.

Nilirudi katika maboma yote nilikojibiwa hapana. Moja lilikuwa huko Sale, ambako kabla ya hapo niliongea na kijana mchunga mbuzi, nikamwona mzima. Safari hii nikaketi, nikauliza kwa adabu habari za mbuzi. Mama yake akajibu kwamba mbuzi sasa wanachungwa na mdogo mtu. Yule mkubwa hakumtaja jina, maana wao hawamtaji aliyeondoka duniani. Nikaelewa, nikalia mbele yake.

Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini swali lina adabu yake, na adabu hubadilika ukivuka mlima. Usianze na ugonjwa. Anza na kazi ya mtoto: aliweza nini juzi, ambacho leo hawezi? Wa mkulima mwulizie kuni na maji, wa mjini mpira na mwandiko wake. Ukijibiwa hapana upesi, usifurahi, ongeza kukaa. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Atapona vipi, kama mgeni hajaketi?

Haya, nenda kwa amani. Mungu akupe makalio mazito kwenye vigoda vya watu, na miguu myepesi ya kuwawahisha watoto wao.