Jumanne ya Kwabena Nsiah

Kwabena Nsiah alikaa dirisha la tatu la Wizara ya Mambo ya Nje miaka thelathini na moja, akigonga mihuri kwenye vyeti vya watu wanaokwenda ng'ambo. Mimi nilikaa dirisha la pili, nikipokea karatasi na kumsukumia. Kazi yake ilikuwa fupi: alinganishe sahihi ya msajili na ile iliyo kwenye jalada letu, zikifanana agonge. Lakini alijiongezea kazi nyingine ambayo hakutumwa na mtu.

Alikuwa na kalenda kichwani. Mtajie tarehe yoyote, midomo yake itacheza kidogo, kisha atakwambia ilikuwa siku gani. Na kwa kuwa kwetu mtoto huzaliwa na jina la siku yake, Kofi wa Ijumaa, Ama wa Jumamosi, mzee alilinganisha jina na tarehe kabla ya kugusa muhuri. Kofi aliyezaliwa Jumatano alirudishwa kwa aliyemwandikia. Waghushi wengi walinaswa hivyo, nami simnyimi sifa yake. Aliipenda kazi. Saa sita alikula kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga, pilipili nyingi, huku anatusimulia aliowanasa asubuhi. Kusema kweli kuna siku alinichosha.

Ilibaki miezi mitatu astaafu alipokuja Adwoa Birago, nesi aliyepata kazi katika hospitali ya ng'ambo. Ubalozi ulimtaka apeleke cheti cha kuzaliwa chenye muhuri wetu kabla ya saa tisa siku hiyohiyo, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nikakisoma cheti, nikakiona safi, nikakisukuma dirisha la tatu.

Midomo ya mzee ikacheza. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka tisini na tisa, ilikuwa Jumapili. Adwoa ni jina la Jumatatu.

"Binti, hiki hakigongwi."

Birago akaeleza kwamba jina ni la bibi yake, alipewa zima kama lilivyo, na bibi ndiye wa Jumatatu. Mzee akamjibu kuwa kila mghushi ana bibi. Alete barua ya huyo bibi. Bibi yuko Sunyani, safari ya kutwa nzima, na saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu. Nilimkasirikia mzee kwelikweli. Sahihi ya msajili ilikuwa halali, hata mimi niliijua. Nikamwambia asimfanyie hivyo mtoto wa watu. Akanijibu nishughulike na dirisha langu.

Foleni ikaanza kunung'unika. Birago hakulia. Aliinama mpaka usawa wa tundu la kioo, akauliza kwa adabu zote:

"Mzee wangu, samahani. Wewe Kwabena, ni wa Jumanne?"

"Jumanne, alfajiri. Mama alikuwa anatoka mtoni."

"Na cheti chako kinasema tarehe ngapi?"

"Sita Juni, sitini na nne," akasema kwa majivuno, na midomo ikaanza kucheza yenyewe kwa mazoea. Halafu ikasimama.

Nilimwona akihesabu upya kwa vidole chini ya meza. Kinyozi hajinyoi. Miaka yote hiyo alikuwa amepima tarehe za nchi nzima, yake hajawahi kuigusa. Akavua miwani.

"Jumamosi," akasema polepole. "Mwalimu Donkor huyo. Nilipitisha mkono juu ya kichwa ukagusa sikio la pili, akasema huyu ametosha shule, akaniandikia tarehe aliyoipenda yeye."

"Basi wewe ni Kwame wa Jumamosi," akasema mtu mmoja nyuma ya foleni, na ukumbi mzima ukacheka.

Nilidhani atafunga dirisha. Badala yake alicheka nao mpaka mabega yakatikisika, akajifuta macho, akafungua jalada. Alilinganisha sahihi ya msajili, akagonga muhuri.

"Mwambie bibi jina lake linasafiri," akamwambia.

Birago alitoka mbio na bahasha yake. Jioni alinipigia simu kwamba aliwahi.

Sisi tukamwita mzee Kwame wiki nzima, naye akaitika. Wenzangu wakamshauri aende mahakamani kusahihisha tarehe, huenda mwalimu alimzidishia umri, naye akapata mwaka au miwili ya kuendelea na kazi. Hata mimi nilimsihi, maana nilikuwa nimeanza kuona dirisha la tatu litakavyokuwa bila yeye, na sikupenda. Akakataa. Alisema serikalini aliingia kwa tarehe ya mwalimu, atatoka nayo. Ila tangu siku ile, jina likigombana na tarehe, aliuliza kwanza, "Jina hili ulipewa na nani?" Akasikiliza mpaka mwisho, hata foleni ikiwa ndefu.

Mwaka huo tarehe sita Juni, siku yake ya kustaafu, iliangukia Alhamisi. Wakubwa wakaandaa barua na hotuba za siku hiyo. Mzee akaja madirishani kwetu na ombi moja.

"Tarehe ni ya mwalimu," akasema, "lakini siku ni ya mama yangu. Nyinyi niageni Jumanne."

Jumanne saa sita tukaweka vibao vya kufunga kwa chakula cha mchana kwenye madirisha yote matatu, tukala kenkey naye, tukaagana. Alhamisi alikwenda kuchukua barua.